Mauzo ya Magari ya Umeme: Mwezi Mmoja Hausemi Yote

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyoandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano cha Kaunti kwa ajili ya mabaraza ya wananchi. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mwenye duka la sare za shule anajua jambo ambalo halihitaji cheti cha chuo. Januari duka linajaa hadi wateja wanapanga foleni nje. Februari anakaa kwenye kiti akisubiri simu iite. Akija mgeni mwezi huo wa Februari, akafungua daftari la mauzo na kutangaza kwamba biashara ya sare imekufa, mwenye duka atacheka. Hesabu ya mgeni ni sahihi, kwa kuwa mauzo kweli yameanguka. Kosa lake ni kwamba hakuuliza shule zilifunguliwa lini.

Habari za magari ya umeme zinawafikia wananchi kwa namna hiyohiyo. Kila mwanzo wa mwezi nchi za nje hutoa takwimu za magari yaliyouzwa mwezi uliopita. Siku hiyohiyo simu zinajaa vichwa vya habari. Mwezi huu mauzo yamepaa. Mwezi ujao yameporomoka. Mmoja anasema petroli imefika mwisho wake, mwingine anasema gari la umeme lilikuwa fasheni na sasa limepita. Mara nyingi wote wawili wameshika namba za kweli.

Jambo hili lingekuwa la maongezi tu kama hakungekuwa na pesa ndani yake. Lakini pesa zimo. Chukua mfano wa mwalimu aliyeweka akiba katika sacco kwa miaka 6 na sasa anataka mkopo wa kununua gari. Anasafiri kilomita 40 kwenda kazini na kurudi. Bei ya petroli imemchosha. Ameona gari la umeme lililotumika, bei yake inafikika, na muuzaji anamwonyesha kwenye simu habari kwamba mauzo duniani yamepanda. Mkopo ni wa miaka 4. Akikosea, atalipa miezi 48 kwa kosa la siku moja. Mazungumzo haya ni kwa ajili ya mwalimu huyo na kila mkazi anayefanana naye.

NAMBA HUTOKA WAPI

Katika nchi nyingi, takwimu za mwezi ni idadi ya magari mapya yaliyopewa nambari za usajili mwezi huo. Gari linaweza kuagizwa Machi, likafika kwa meli Juni na kusajiliwa Julai. Kwa hiyo namba ya Julai inaeleza uamuzi wa mnunuzi wa miezi kadhaa nyuma. Meli ikichelewa, mwezi mmoja utaonekana mkavu na unaofuata utaonekana umefurika, ingawa wateja hawakubadili nia.

Pili, kuna idadi na kuna sehemu ya soko. Idadi ni magari mangapi ya umeme yameuzwa. Sehemu ya soko ni magari mangapi ya umeme katika kila magari 100 yaliyouzwa. Namba hizi mbili zinaweza kwenda njia tofauti mwezi huohuo, kama itakavyoonekana katika mfano wa Uingereza.

Tatu, ni lazima kujua nini kimehesabiwa. Nchini China, Julai 2024, kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya magari mapya ya abiria waliyonunua wateja yalikuwa yale wanayoyaita magari ya nishati mpya. Lakini kundi hilo lina magari ya betri tupu pamoja na ya haibridi yanayochajiwa, ambayo bado yana injini na tangi la mafuta. Mtu akisikia nusu ya magari yote China ni ya umeme, asidhani kwamba nusu hiyo haipiti kituo cha mafuta.

NORWAY: DESEMBA NA JANUARI

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika magari ya umeme ni Norway. Kwa miaka mingi serikali yake ilitoza magari ya petroli na dizeli kodi nzito, huku ikisamehe ya umeme kodi ya ongezeko la thamani. Msamaha huo ulianza mwaka 2001. Mwaka 2020 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyosajiliwa huko yalikuwa ya betri tupu. Mwaka 2022 yalifika asilimia 79.3.

Kisha serikali ikasema kuanzia Januari 1, 2023, msamaha hautakuwa kamili tena. Gari la bei ya hadi kroner 500,000 lingebaki bila kodi hiyo, lakini kiasi kinachozidi hapo kingetozwa asilimia 25. Wanunuzi wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Waliokuwa wanapanga kununua Januari, Februari au Machi walikimbilia Desemba.

Desemba 2022 Norway ilisajili magari mapya 39,497. Januari 2023 ilisajili 1,860. Kwa kila magari 21 ya Desemba, Januari lilipatikana moja. Hata sehemu ya magari ya umeme ilishuka mwezi huo hadi karibu theluthi mbili.

Aliyesoma Januari peke yake angeandika kwamba magari ya umeme yamekwisha Norway. Aliyesoma Desemba peke yake angesema nchi nzima imeingiwa na wazimu wa kununua. Mwaka 2023 ulipofungwa, magari ya umeme yalikuwa asilimia 82.4 ya yote mapya, juu kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka 2024 yakafika asilimia 88.9. Septemba 2024, hesabu ya magari yote ya abiria barabarani, mapya na ya zamani, ilionyesha kwamba ya umeme yamepita ya petroli kwa idadi.

Tarehe ya kodi ilikuwa imehamisha wanunuzi kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Sehemu ya magari ya umeme katika mauzo ya mwaka haikuwa imepungua.

UJERUMANI: MTEGO WA "MWEZI KAMA HUU MWAKA JANA"

Wengi wakishasikia mfano wa Norway husema basi dawa ni rahisi: usilinganishe Januari na Desemba, linganisha Januari hii na Januari ya mwaka jana. Ni ushauri mzuri, lakini nao una mtego.

Ujerumani ilikuwa ikitoa ruzuku kwa wanunuzi wa magari ya umeme. Mwaka 2023 ilipanga kwamba kuanzia Septemba 1 kampuni hazitapata tena. Ruzuku ingebaki kwa watu binafsi. Kwa hiyo Agosti 2023 kampuni zilikimbia kusajili, na magari ya betri tupu yakafika 86,649 katika mwezi mmoja. Desemba mwaka huohuo, serikali ikakumbwa na upungufu wa bajeti na kusimamisha ruzuku yote ghafla. Maombi yalifungwa Desemba 17, siku moja tu baada ya tangazo.

Agosti 2024 ilipofika, magari ya betri yaliyosajiliwa yalikuwa 27,024. Vichwa vya habari vikasema mauzo yameanguka kwa karibu asilimia 69. Hesabu ni sahihi. Lakini Agosti iliyotumiwa kama kipimo ilikuwa Agosti ya watu waliokimbizana na tarehe. Ni sawa na kupima mbio za mtoto kwa kulinganisha na siku aliyokuwa akifukuzwa na mbwa.

Kwa upande mwingine, isisemwe kwamba hakukuwa na tatizo. Mwaka 2023 wote Ujerumani ilisajili magari ya betri 524,219. Mwaka 2024 yalikuwa 380,609. Huo ni upungufu wa zaidi ya robo, na ulitokana na bei kupanda kwa mnunuzi baada ya ruzuku kuondoka. Kwa hiyo soko lilianguka kweli, ila si kwa asilimia 69. Mwaka 2025 likasimama tena na kupita 540,000. Jumla ya miezi 12 ilieleza ukweli ambao mwezi mmoja ulikuwa umeutia chumvi.

Marekani imepitia jambo kama hilo hivi karibuni. Mnunuzi wa gari jipya la umeme lililotimiza masharti alikuwa akipunguziwa kodi hadi dola 7,500. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilimaliza nafuu hiyo Septemba 30. Miezi mitatu ya Julai hadi Septemba iliweka rekodi ya zaidi ya magari 430,000. Miezi mitatu iliyofuata yalikuwa takriban 234,000. Namba zote mbili ni za soko moja na watu walewale. Kilichotofautiana ni upande gani wa Septemba 30 walisimama.

UINGEREZA: KALENDA YA NAMBARI

Kuna miezi inayopanda na kushuka bila kodi kuguswa. Uingereza hubadilisha alama ya nambari za usajili mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Nambari inaonyesha umri wa gari, kwa hiyo wengi husubiri mwezi huo ili gari lao lionekane jipya. Februari inakauka na Machi inafurika.

Februari 2024 Uingereza ilisajili magari mapya 84,886 ya aina zote. Machi yalikuwa 317,786. Ndani yake, magari ya betri yalikuwa 14,991 Februari na 48,388 Machi. Mwandishi mmoja angeweza kuandika kwamba mauzo ya magari ya umeme yameongezeka zaidi ya mara 3 ndani ya mwezi mmoja. Mwenzake angeweza kuandika kwamba magari ya umeme yanapoteza soko, kwa sababu sehemu yao ilishuka kutoka asilimia 17.7 hadi 15.2. Wote wangekuwa na namba za kweli, na msomaji wa kila mmoja angeachwa gizani.

China nayo ina mwaka mpya wa jadi unaofuata mwezi. Mwaka 2024 ulikuwa Februari 10, na 2025 ulikuwa Januari 29. Viwanda na maduka hufungwa siku nyingi. Ndiyo sababu wachambuzi hujumlisha Januari na Februari kabla ya kusema lolote. Mkazi wa Kenya analijua hili bila kufundishwa. Anayeuza nguo hatalinganisha mwezi wa Idd na mwezi wa kawaida. Na Idd haiji tarehe ileile kila mwaka.

KENYA: NAMBA NDOGO ZINARUKA JUU

Nyumbani Kenya, takwimu rasmi zinaonyesha kwamba vyombo vya umeme vilivyosajiliwa vilikuwa 475 mwaka 2022 na 2,694 mwaka 2023. Hilo ni ongezeko la zaidi ya mara 5. Ni habari njema kwa wanaofanya kazi hiyo, lakini lisomwe kwa utulivu kwa sababu mbili.

Kwanza, ukianza na kitu kidogo, ongezeko dogo linaonekana kubwa. Mama mboga aliyeuza mafungu 2 jana na 10 leo ameongeza mara 5, lakini bado hajajaza kapu. Pili, sehemu kubwa ya vyombo hivyo ni pikipiki. Pikipiki ya umeme inayobadilishiwa betri kituoni ni biashara tofauti kabisa na gari la mwalimu. Mwendeshaji anaweza kuwa anamiliki pikipiki huku betri ikiwa ya kampuni. Betri ikichoka, hasara si yake. Mwalimu akinunua gari, betri ni yake na uchovu wake ni wake.

Kuna jambo la tatu, na ndilo muhimu zaidi kwa mkazi wa kaunti. Sehemu kubwa ya magari ya abiria yanayoingia Kenya yanakuja yakiwa yametumika. Kwa hiyo takwimu za magari mapya ya nje zinatugusa zikichelewa, na zinatugusa kutoka nchi chache tu.

Kenya inaendesha kushoto, na gari linalosajiliwa linatakiwa kuwa na usukani wa kulia. Norway, Ujerumani, Marekani na China zinaendesha kulia. Mafuriko ya magari ya Norway, hata yakiwa ya kweli kiasi gani, hayataishia Mombasa kama mitumba. Magari ya usukani wa kulia yanayotufikia yanatoka hasa Japani, na mengine Uingereza.

Kisha kuna sheria ya umri wa miaka 8. Mwaka 2026, gari lililotumika linaloingizwa nchini linatakiwa liwe limesajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. Sasa tazama namba za nchi hizo mbili. Uingereza mwaka 2019 iliuza magari mapya ya betri 37,850, ambayo yalikuwa asilimia 1.6 tu ya soko. Mwaka 2024 iliuza 381,970, au asilimia 19.6. Yale ya 2019 ndiyo machache yanayofikia mwisho wa umri wao sasa. Yale mengi ya 2024 yataruhusiwa kuingia hadi mwaka 2031, sheria isipobadilika. Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, imekwenda polepole. Mwaka 2024 iliuza magari ya betri yasiyofika 60,000, chini ya asilimia 2 ya soko lake, na idadi hiyo ilikuwa imeshuka kutoka mwaka uliotangulia.

Maana yake kwa mnunuzi ni wazi. Magari ya umeme ya mitumba yenye usukani wa kulia bado ni machache leo, na yanaelekea kuongezeka miaka ijayo, hasa kutoka Uingereza. Chaguo likiongezeka, mnunuzi ana nafasi ya kubagua na kujadili bei. Muuzaji anayesema nunua leo kwa kuwa mauzo ya dunia yamepaa mwezi uliopita anazungumzia soko ambalo gari lake halikutoka.

MWALIMU AFANYE NINI

Mkopo wa miaka 4 unahitaji kuulizwa swali la miaka 4: gari hili litakuwa na thamani gani siku ya malipo ya mwisho? Hapa hata wakubwa wamejikwaa. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza Oktoba 2021 kwamba imeagiza magari 100,000 ya Tesla. Mapema 2023 Tesla ikapunguza bei ya magari mapya, hadi asilimia 20 kwa baadhi ya aina. Bei ya jipya ikishuka, lililotumika hushuka nalo. Januari 2024 Hertz ikatangaza kwamba inauza takriban magari 20,000 ya umeme, ikitaja gharama za matengenezo na thamani iliyopungua. Kampuni yenye wahasibu wengi iliumia. Mtu mwenye hati moja ya mshahara hana budi kuhesabu mara mbili.

Gari linaloonekana zaidi katika soko la mitumba ya umeme nchini ni Nissan Leaf, ambalo lilianza kuuzwa Desemba 2010. Betri ya matoleo yake ya awali hupozwa kwa hewa tu, bila mfumo wa maji. Kwa hiyo joto na miaka huila kuliko betri zenye kupozwa kwa maji. Bahati nzuri gari lenyewe husema kweli. Kwenye dashibodi kuna vipande 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki wa betri. Vikiwa vimepungua, gari halitakwenda umbali lililokwenda lilipokuwa jipya, hata rangi yake ikiwa inang'aa. Mnunuzi asikubali kuonyeshwa picha ya zamani ya dashibodi. Aone kwa macho yake, gari likiwa limechajiwa, na alijaribu katika barabara anayoitumia kila siku, pamoja na miinuko yake.

Aangalie pia tundu la chaji. Leaf la Japani hutumia tundu la CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari mapya ya Ulaya hutumia CCS. Kituo cha kuchaji kilicho karibu kikiwa na aina moja tu, gari lenye tundu jingine litabaki kutegemea chaji ya polepole ya nyumbani.

Kuhusu gharama ya umeme, habari ni nzuri zaidi. Gari dogo la umeme hutumia takriban yuniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku matumizi yanapopungua, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hizo kilomita 100 ni kati ya shilingi 240 na 320 mchana, na kati ya 120 na 160 usiku, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo si ile ya mita ya kawaida ya nyumbani. Anayeitaka aulize Kenya Power masharti na kiwango cha sasa kabla ya kutia saini mkopo.

Kwa safari ya kilomita 40 kwa siku, na nafasi salama ya kuchaji usiku, hesabu ya mwalimu inaweza kusimama imara hata kama mwezi ujao magazeti yatasema mauzo ya dunia yameanguka. Na ikiwa hana pa kuchajia, au betri ina vipande 7, haitasimama hata kama mauzo yatavunja rekodi. Uamuzi wake uko kwenye barabara yake, mita yake na betri iliyo mbele yake.

KAUNTI NAYO ISOME VIZURI

Ushuru wa magari yanayoingia nchini si kazi ya kaunti. Huwekwa na serikali ya kitaifa na Bunge. Sheria ya Fedha ya 2019, kwa mfano, ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme tupu kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mabadiliko mengi ya kodi huanza siku hiyo. Kwa hiyo takwimu za Juni na Julai nchini zisomwe kama Wanorway wanavyosoma Desemba na Januari.

Lakini Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, maegesho, uchukuzi wa umma wa barabarani, na usambazaji wa umeme katika eneo lake. Mahali pa kuchajia sokoni, nafasi katika maegesho ya mji, vibali vya majengo vinavyoacha njia ya nyaya: hayo yanaihusu kaunti. Stendi ya bodaboda yenye kituo cha kubadilishia betri nayo inaihusu.

Hapo ndipo wakazi wana haki ya kuuliza. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kinapoitwa, mtu akisema kaunti isitenge chochote kwa vituo vya kuchaji kwa kuwa mauzo yameanguka mwezi jana, aulizwe: yameanguka wapi, na kulikuwa na tarehe gani? Na mtu akisema kaunti imwage mamilioni kwa kuwa mauzo yamepanda mara 5, aulizwe: mara 5 kutoka ngapi, na ni pikipiki au magari? Kituo kinachojengwa kwa hofu au kwa shangwe ya mwezi mmoja hulipwa na walipa kodi kwa miaka 10.

MASWALI MATANO YA KUBEBA NYUMBANI

Mkazi akikutana na habari ya mauzo ya magari ya umeme, na aiulize maswali haya kabla ya kuiamini au kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp.

1. Inalinganishwa na mwezi upi? Ikiwa ni mwezi uliotangulia, kalenda ya nchi hiyo ikoje?

2. Kuna kodi, ruzuku au sheria iliyoanza au kuisha karibu na mwezi huo, mwaka huu au mwaka jana?

3. Ni idadi au ni sehemu ya soko? Na ile nyingine inasemaje?

4. Ni magari ya betri tupu, au ya haibridi yamo? Ni magari, au pikipiki zimo?

5. Jumla ya miezi 12 inaelekea wapi?

Swali la sita ni la mnunuzi peke yake: magari ya nchi hiyo yanaweza kufika Kenya, yakiwa na usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8? Kama jibu ni hapana, habari hiyo ni ya kuongeza maarifa, isiwe ya kufungulia pochi.

Mwenye duka la sare hakatai kuhesabu. Huhesabu kila jioni. Ila anapotaka kujua kama biashara inakua, huchukua daftari la mwaka mzima na la mwaka uliotangulia, akayaweka mezani pamoja. Mwalimu wa mfano wetu naye afanye hivyo. Akikuta betri ni nzima, tundu linalingana na kituo kilicho karibu, bei ya umeme imethibitishwa na malipo ya sacco yanaingia ndani ya mshahara, na anunue. Akikuta moja halijakaa sawa, asubiri bila wasiwasi. Magari yaliyosajiliwa Uingereza mwaka 2024 bado yana miaka kadhaa ya kuruhusiwa kuingia.